Kamba ya Ng'ombe Kati ya Baiskeli Mbili

Fyuu, fyuu, fyuu. Ilikuwa pampu ya baiskeli, uani kwangu Kabasa, kabla hakujapambazuka. Nililala nikiisikiliza, nikijua ni nani, maana mtu mwingine yeyote angegonga mlango kwanza. Mkwe wangu hagongi. Aliitoa baiskeli yangu chini ya upenu bila kunisemesha, akajaza upepo magurudumu yote mawili, kisha akakohoa mara moja ili nijue kwamba amemaliza.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Jina lake silitamki, na hata kuliandika mkono wangu unakataa. Namwita Baba Kulwa, kwa jina la mmoja wa mapacha wake. Ana miaka kumi na minne katika ndoa na binti yangu Gati, na kama ungeniuliza siku ile kama ana kovu usoni au hana, ningeshindwa kujibu.

Ilikuwa Ijumaa. Nilitakiwa nifike Nyegina, upande wa Musoma, kabla jua la Jumamosi halijazama. Dada yangu Bhoke ameolewa huko, na ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia limebakiwa na kijitundu tu, kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Jumapili alfajiri mwanawe Paschal angempeleka Mwanza kufanyiwa operesheni. Daktari aliwaambia wazi kwamba kilichopotea hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, na pia kinaweza kisilindwe. Bhoke akanipigia simu.

"Nyamburi, nataka nikuone wakati bado kuna kuona," alisema. "Na uje na jua. Jua likishuka, mimi nakuwaga kama nimefunikwa chungu."

Hatukuwa tumeonana kwa miaka tisa.

Utauliza kwa nini sikupanda basi. Gari linanitapisha. Nimejaribu kunusa ndimu, nimejaribu kukaa mbele karibu na dereva, nimejaribu kufunga kula tangu jana yake. Mara ya mwisho nilishushwa njiani nikiwa nimelegea kama kitambaa kilicholowa, nikarudi nyumbani kwa miguu. Lakini baiskeli naijua. Nilipokuwa mhudumu wa afya wa kijiji nilipewa baiskeli nyeusi ya kike, nikazunguka nayo miaka kumi na minane, nikipima watoto kwa ile mizani ya kuning'iniza. Sasa nina miaka sitini na saba, na magoti bado yanakumbuka. Ninachoogopa ni lami tu, pale lori linapokupita na upepo wake unataka kukulaza mtaroni.

Baba Kulwa ni fundi baiskeli. Kabla ya ufundi alikuwa akichuuza dagaa vijijini, vilimani kote, akiwa na gunia kwenye keria. Aliposikia shida yangu alimtuma Gati. Mama aambiwe kwamba ziko njia za ng'ombe za kupitia Butiama, hazina gari, isipokuwa mahali pamoja pa kuvuka lami. Ni siku mbili. Yeye atatangulia, mama atafuata.

"Na amesema usikatae," Gati aliongeza. "Hilo la mwisho nimeliweka mimi, lakini najua ndilo alilotaka kusema."

Hivyo ndivyo tulivyotoka Kabasa, mkwe mbele, mimi nyuma kama hatua hamsini, nimevaa suruali ya marehemu mume wangu ndani ya gauni, na kitenge nimekifunga kiunoni. Kwenye usukani wangu nilikuta kengele mpya. Gati alikuwa amenieleza: mara tatu maana yake simama.

Sikujua kwamba nchi hii ina ukimya wa namna ile. Nimeishi karibu na barabara muda mrefu mno. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, vilima vimevaa majani, na mawe makubwa yamekaa juu yake kama watu waliochoka. Nilisikia mnyororo wangu. Nilisikia kware. Nilisikia mtu akikohoa ng'ambo ya bonde, na mwenzake akimwambia pole. Kwenye mlima nilishuka nikasukuma, na sikuona haya, maana mbele yangu Baba Kulwa naye alikuwa ameshuka. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa anashuka hata kwenye vilima ambavyo kijana mwenye miguu yake angevipanda akiimba. Alikuwa anashuka ili mimi nishuke.

Njia ya ng'ombe haikuruhusu kupita bila salamu. Habari za huko, nzuri, za kwenu, wanalima, mvua, ipo, haya. Mwanamume mmoja aliwasukuma ng'ombe wake wote pembeni, mmoja mmoja kwa majina yao, ili bibi apite. Kisimani mwanamke alijaza chupa yangu kabla ya kujaza ndoo yake, na alikuwa amepanga foleni. Kila njia panda nilikuta kijiti chenye majani kimelazwa upande wa kufuata. Na kwenye miteremko nilikuta mawe madogo yamepigwa teke kando, alama ya kiatu bado mbichi kwenye udongo. Mtu asiyegeuka nyuma alikuwa ananisafishia njia.

Mchana simu yangu ndogo iliita. Alikuwa Gati, yuko sokoni Bunda kwenye nyanya zake.

"Mama, Baba Kulwa anauliza kama umechoka."

Nilimwona Baba Kulwa mbele, amekaa upande wa pili wa jiwe, simu sikioni.

"Mwambie sijachoka. Mwambie ale."

Nikamsikia akisema kwenye simu nyingine, kisha akarudi. "Anasema mihogo yako iko juu ya jiwe, kwenye jani. Mama, nyie watu wawili mna midomo na mko mahali pamoja. Mimi huku nauza nyanya, siyo posta."

"Uza nyanya zako. Mwambie asante."

"Anasikia mwenyewe, mama, umepaza sauti."

Kweli nilikuwa nimepaza. Nilimwona Baba Kulwa akiinamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Butiama tulifika jioni, jua bado lipo. Tulilala kwa Recho, tuliyeimba naye kwaya zamani. Alimpa Baba Kulwa chumba cha mtoto wake na mimi akanipa kitanda chake mwenyewe, akalala chini, akasema mgongo wake unapenda sakafu. Hakuna mgongo unaopenda sakafu. Nilimshukuru, nikalala kama jiwe.

Jumamosi ndiyo iliyotaka kuniponyoka.

Tulitoka Butiama mapema. Tulipanda mlima mrefu, tukaanza kuteremka. Teremko lilikuwa refu na tamu. Niliacha miguu itulie, upepo ukaingia kwenye kitenge, na nikajikuta natabasamu peke yangu kama msichana aliyetumwa dukani. Kule chini nilipotaka kukanyaga tena, pedeli zilizunguka tupu. Nikakanyaga kwa nguvu. Zikazunguka tupu. Mnyororo ulikuwepo mahali pake, unakwenda, lakini gurudumu halikuusikia. Kwa miaka kumi na minane ya baiskeli nilijua ni nini: friwili imekufa, kile chuma cha meno kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli ya namna hiyo itateremka popote unapotaka. Kupanda haipandi, na tambarare haiendi.

Nilipiga kengele mara tatu. Baba Kulwa alikuwa amekwisha kupanda kilima kinachofuata, upepo unatoka kwake kuja kwangu. Nikapiga tena. Akazama upande wa pili.

Mtu mwingine angegeuka. Mtu mwingine, kila baada ya muda, angetazama nyuma kuona kama bibi yupo. Yeye hakugeuka kwa sababu ni mkwe, na mama mkwe akiwa kwenye baiskeli, gauni limepanda mpaka magotini, hatazamwi. Na mimi ningeweza kumwita kwa sauti, lakini kumpigia mkwe kelele porini kama nafukuza nyani shambani, hapana. Namba yake sina. Kwa nini niwe nayo? Basi nikampigia Gati.

Gati hakupokea. Jumamosi ni siku ya wateja.

Nilisukuma baiskeli mpaka kilimani, nikapiga tena, hakupokea. Nikakaa. Nikapiga. Jua lilikuwa limefika saa tano, na nilianza kulihesabu kama mtu anayehesabu maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilimwona Bhoke ameketi Nyegina na kijitundu chake, anasubiri. Nilijiambia, Nyamburi, umevuka vilima vyote hivi uje ushindwe na adabu.

Saa sita ndipo simu ilipoita. "Mama, nilikuwa napima nyanya, vipi?"

Nikamweleza. Aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba, akakata. Haikupita muda akapiga tena. "Yuko vilima viwili mbele. Alidhani unakuja. Anarudi. Mama, sauti yake siyo nzuri."

Baba Kulwa alirudi akitoka jasho mpaka kwenye mkanda. Alisimama mbali, ubavu kwangu, akaitazama baiskeli. Alichuchumaa, akazungusha pedeli, akasikiliza. Halafu akasema, na alikuwa anaiambia baiskeli:

"Hii friwili niliisikia ikilia wiki iliyopita. Nikasema itafika. Nimebadilisha tairi, nimebadilisha breki, nimefunga kengele. Hii nikaiacha."

Mimi nami nikaiambia baiskeli: "Kila kitu kingine kimefika salama."

Friwili nyingine hakuwa nayo, wala kile kifungulio chake. Angeweza kurudi Butiama kutafuta, lakini kwenda, kupata na kurudi, ingekuwa imefika saa kumi jioni. Kutoka pale mpaka Nyegina kulikuwa bado na nusu ya siku. Wote wawili tulilijua jibu, limesimama kati yetu: ile keria yake pana, iliyobeba magunia ya dagaa miaka mingi. Na wote wawili tulitazama pembeni.

Chini ya njia palikuwa na shamba. Mwanamke wa makamo alikuwa anaongoza ng'ombe wa plau kwa kamba, binti yake ameshika plau nyuma. Walikuwa wanatayarisha shamba la pamba. Alikuwa ametuona muda mrefu. Sasa aliwasimamisha ng'ombe, akapanda kuja kwetu akifuta mikono kwenye khanga. Jina lake Kwangu, alituambia hivyo kabla hatujauliza.

"Huyu ni mwanao?" aliniuliza.

"Mkwe."

"Aa." Alituangalia, mmoja huku, mmoja kule. "Baba, si umpakie bibi kwenye keria muende?"

Baba Kulwa alikazia macho kichaka. Mimi nikaona nifunge upya kitenge.

"Kwani nyie watu wa wapi?"

"Bunda," nikasema.

"Na huko Bunda mkwe habebi mama mkwe?"

"Huku kwenu anabeba?"

"Habebi," alisema Kwangu. "Nilikuwa nawapima tu."

Binti yake kule chini alicheka mpaka akaegemea plau. Mimi pia nilicheka, na kicheko kikaja na machozi kidogo, nikamweleza Kwangu habari za Bhoke. Jicho moja limekwisha, la pili lina tundu, kesho alfajiri wanaondoka, na macho yake yanataka jua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Alilitazama jua, akatazama baiskeli ya Baba Kulwa, akatazama yangu.

"Ile inavuta vizuri?" alimuuliza Baba Kulwa.

"Inavuta."

"Na hii inazunguka?"

"Gurudumu zima. Imekufa friwili tu."

Kwangu aliteremka mpaka kwa ng'ombe wake. Alimfungua yule wa mbele kamba ya kwenye pembe, kamba ndefu ya mkonge aliyoisokota mwenyewe, akaizungusha kwenye kiwiko akija nayo.

"Mama," nikasema, "na kulima?"

"Huyu wa mbele bado mgeni wa kazi. Bila kamba hashiki mstari. Basi leo amepumzika." Akamkabidhi Baba Kulwa kwa mikono miwili. "Dada yako anaondoka kesho. Shamba langu haliendi popote. Lakini hiyo kamba msimpe mtu aniletee. Mtaileta wenyewe, mkae, mle."

Sijui kama umewahi kuona mtu akiacha siku ya plau, mvua ikiwa tayari ardhini, kwa ajili ya macho ya mtu asiyemjua. Mimi nimeona.

Baba Kulwa alifunga ncha moja kwenye keria yake na nyingine chini ya usukani wangu. Alifunga, akavuta, akafungua, akafunga tena. Kisha akauambia usukani wangu: "Kamba ikilegea, mama anakamata breki. Akitaka tusimame, anaivuta mara mbili. Sitasubiri kengele tena."

Tukaanza. Hatua chache za kwanza niliyumba, nikadhani nitalala chini, kisha kamba ikakaza na baiskeli ikanyooka yenyewe. Nilivutwa kama ndama anayepelekwa mnadani, bibi mzima, miguu imetulia juu ya pedeli. Kwangu na binti yake walisimama mpaka tulipopotea. Kwenye milima tulishuka wote, kila mmoja na yake, kamba ikining'inia kati yetu. Kwenye miteremko nilishika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye tambarare yeye alikanyaga kwa watu wawili. Niliona mgongo wa shati lake ukibadilika rangi, kwanza mabegani, halafu wote.

Jambo moja nililigundua njiani. Mkono wangu ulipokuwa juu ya ile kamba, nilijua kila kitu. Nilijua akichoka, maana ilitetemeka. Nilijua ameona shimo, maana ililegea kidogo kabla. Nami nilipotaka maji niliivuta mara mbili, na yeye akasimama papo hapo, bila kugeuka, bila Gati. Miaka kumi na minne hatukuwahi kuzungumza kiasi kile.

Lami tuliivuka saa tisa. Tulisimama ukingoni, malori yanapita, upepo wake unanipiga. Lori moja likapunguza mwendo, likasimama katikati kabisa, likawasha taa za pembeni na kuziba barabara. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Kaka, huyo bibi unampeleka kumuuza wapi?"

"Nyegina," alisema Baba Kulwa.

"Nyegina wana bei? Haya vukeni. Polepole, bibi, hakuna anayewakimbiza, wanaopiga honi nyuma ni wajinga tu."

Wajinga walikuwa wengi na walipiga honi kweli, naye hakusogea mpaka gurudumu langu la nyuma lilipogusa udongo wa upande wa pili. Sikuiona sura yake vizuri. Namwombea hivyo hivyo, yule wa lori.

Kutoka hapo ardhi ilianza kushuka kuelekea ziwani. Juu ya kilima cha mwisho niliona maji, meupe kwa jua, na Musoma mbali upande wa kulia, mabati yanameta. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Niliivuta kamba mara mbili. Baba Kulwa akasimama.

"Mwambie," nilianza, nikatafuta wa kumwambia. Hapakuwa na mtu, wala Gati hakuwa hewani. Nikamwambia mgongo wake. "Baba Kulwa, ukichoka sema. Hata tukichelewa, umefanya."

"Hatuchelewi, mama," alisema. Akakanyaga.

Bhoke alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, amelielekea jua la magharibi, amehamisha kigoda chake kadiri jua lilivyohama. Niliona alama za miguu ya kigoda kwenye vumbi, moja baada ya nyingine, tangu mlangoni. Paschal alikuwa anafunga begi la safari. Nilipiga kengele langoni. Bhoke akainua uso, lakini akautupa upande usiokuwa wangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Njoo mbele. Usisimame pembeni, pembeni hakuna kitu. Piga magoti hapa."

Nilipiga magoti. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akaanza kunisoma. Kijitundu chake hakikutosha uso mzima, kwa hiyo alisogeza kichwa chake polepole, kama mtu anayemulika ukuta kwa tochi. Paji la uso. Jicho hili. Jicho lile. Pua. Alama ya mwiko ambao yeye mwenyewe alinipiga nao tukiwa wadogo, tukigombania ukoko. Hapo alikaa muda mrefu. Jua lilitupiga wote wawili usoni, na nilimshukuru Mungu kwa kila kipande chake kilichokuwa kimebaki.

"Umezeeka, Nyamburi," alisema.

"Wewe unadhani unafanana na nani?"

"Mimi sijioni, nimesamehewa." Alicheka, akafuta macho yangu kwa kidole gumba kabla ya kufuta yake. "Umekujaje?"

"Nimevutwa. Kwa kamba ya ng'ombe."

Nikamweleza, naye alinishika mkono muda wote. Nilipofika kwa Kwangu akaniambia nirudie. Nilipomaliza aliuliza, "Na huyo mkwe yuko wapi?"

Baba Kulwa alikuwa nje ya lango, ametugeuzia mgongo, mkono mmoja juu ya keria. Bhoke ni dada yangu, kwa hiyo kwake yeye pia ni mama mkwe. Paschal alikuwa amempelekea maji, naye alikuwa anakunywa akitazama barabara.

"Yuko langoni. Amegeuka."

"Mwambie ageuke huku."

"Bhoke."

"Mimi keshokutwa sijui nitaona nini. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikifukuzana na jua. Aliyekuleta nisimwone?" Akapaza sauti kuelekea langoni. "Baba, ni mimi mkubwa nimesema. Kosa liwe langu."

Baba Kulwa aliweka kikombe chini. Akageuka, macho ameyashusha kwenye vidole vya miguu yake, akaja hatua tatu ndani ya lango, akasimama penye jua. Bhoke alimtafuta kwa kijitundu chake, juu, chini, mpaka akampata. Na kwa kuwa yeye aliangalia, mimi nami niliangalia.

Ana kovu. Dogo, juu ya nyusi, la spoku ya gurudumu nadhani. Ana mvi mbili tatu kidevuni. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu na vumbi la njia nzima. Ana uso wa mtu anayesikiliza.

"Ni mzuri," Bhoke aliniambia, kana kwamba hayupo. "Gati alichagua."

"Asante, mwanangu," nikamwambia Baba Kulwa. Nilimwambia yeye mwenyewe, siyo mgongo, siyo baiskeli. Aliitikia kwa kichwa, akatugeuzia mgongo tena haraka, na kila mtu akapumua.

Jioni Paschal alileta friwili kutoka kwa fundi wa jirani, Baba Kulwa akaifunga mwenyewe, na hakumruhusu mtu mwingine kushika kifungulio. Bhoke alinipa sangara wawili waliokaushwa wa kumpelekea Kwangu, amewafunga kwenye gazeti, akauliza mara mbili kama wanatosha kwa siku moja ya plau. Kamba nikaikunja vizuri kwenye keria yangu, juu kabisa, isisahaulike.

Gari la kwenda Mwanza lilikuja Jumapili kabla hakujapambazuka. Hapakuwa na mwanga wa kumtosha. Paschal alimshika kiwiko, akamwingiza, akamfunika miguu kwa khanga yangu, kwa maana nilimwomba aende nayo. Nilisimama dirishani, lakini yeye alikuwa anatazama mbele tu, na nikajua hanioni.

"Nyamburi, upo?"

"Nipo hapa."

Alinyoosha mkono nje, akapapasa, akanipata begani.

"Nikirudi uje tena," alisema. "Uje naye. Kengele uianze pale kwenye kona, siyo langoni, ili nipate muda wa kusimama."